Namna ya kujibu swali la Wayahudi wa kale walikuwa na sura gani

Swali hili huletwa barazani kwetu Mkomani baada ya tarawehe, na mwenye kulileta huwa na picha kwenye simu. Huyu asema walikuwa weusi, mwenziwe asema weupe. Nimesomesha historia hapa Lamu miaka mingi, nami huwaambia: wanangu, rangi baadaye. Anzeni na lini, na wapi.

Tuseme ni Yuda, ufalme wa Wayahudi wa kale, mwaka 701 KK. Sennacherib, mfalme wa Ashuru, aliuteka mji wao wa Lakishi akaamuru vita hivyo vichongwe kwenye kuta za kasri lake Ninawi. Mawe hayo leo yako British Museum, London. Tazama wanawake: wamejitanda nguo kutoka utosini hadi karibu na miguu. Wanaume wana ndevu fupi na nywele za mapindi. Ngozi usiiulize hapo. Jiwe halikuhifadhi rangi, na aliyechonga alikuwa mtu wa adui.

Kwa rangi, nenda kwenye maandishi. Mishna, mkusanyo wa sheria za Kiyahudi uliokusanywa yapata mwaka 200 BK, inamnukuu Rabi Ishmael: Wana wa Israeli ni kama mti wa eshkeroa, si weusi wala si weupe, ni wa kati. Nalipenda sana neno hili kwa sababu hakuwa akijisifu. Marabi walikuwa wakijadili ugonjwa wa ngozi: baka jeupe hufifia kwa Mgermani, mtu mweupe, na hung'aa kwa Mkushi, mtu mweusi, basi kuhani apime kwa ngozi ipi? Mti wenyewe una mbao ya manjano hafifu. Nikitaka vijana waelewe, huwapeleka kwa fundi wa milango awaonyeshe kipande cha mfenesi. Si mti uleule, lakini rangi zinakaribiana.

Nasaba ni jambo jingine, usiichanganye na dini. Wafalme wa Himyar, kule Yemeni, waliingia Uyahudi mwishoni mwa karne ya 4 na hawakutoka Yuda. DNA ya Wayahudi wa Ulaya ina asili ya Mashariki ya Kati na ya Ulaya pia. Ya Wayahudi wa Ethiopia iko karibu zaidi na ya majirani zao Wahabeshi.

Kijana akishangaa, mpe habari ya DNA ya mifupa ya Waswahili wa kale wa Manda na Mtwapa iliyotangazwa 2023: upande wa mama karibu wote Afrika, upande wa baba wengi Uajemi. Manda iko ng'ambo ya maji tu. Aanzie hapo, ndipo aende Lakishi.