Mbolea ya Nyasi Isitangulie Mvua

Kila mwaka mawingu ya masika yanapoanza kutanda juu ya Nairobi, maduka ya pembejeo huwapokea wenye nyumba na watunza bustani wao, ambao hununua DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi na naitrojeni, au CAN, mbolea ya kukuzia yenye naitrojeni, na kuimwaga juu ya nyasi kabla tone la kwanza halijaanguka, wakiamini kwamba mvua itawafanyia kazi ya kuiyeyusha na kuizamisha ardhini. Kosa hili linarudiwa hata na watu ambao mahindi yao huko mashambani hayana dosari, na nadhani mahindi hayo ndiyo yaliyowapotosha. Mkulima wa mahindi huiweka DAP ndani ya shimo na kuifunika kwa udongo, ilhali punje zilizomwagwa juu ya nyasi hubaki wazi, zikisubiri maji yoyote yatakayopita. Mvua ya kwanza nayo huanguka juu ya udongo uliokauka na kushikana tangu Januari, hivyo sehemu kubwa ya maji haizami, bali hukimbilia mtaroni.

Karibu nusu ya naitrojeni iliyomo katika CAN ni naitreti, ambayo chembe za udongo haziwezi kuishika, kwa hiyo huondoka pamoja na maji. Fosforasi ya DAP hujishikiza kwenye udongo mwekundu, na udongo huo ukimomonyoka, fosforasi husafiri nao. Nyasi ambazo tayari zimeshika mizizi kwa kawaida hazihitaji DAP hata kidogo, isipokuwa kama vipimo vya udongo, ambavyo vinaweza kufanywa katika maabara za KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya, zilizoko Kabete, vimeonyesha upungufu wa fosforasi.

Huambiwa mara kwa mara kwamba Nairobi iko mbali na bahari, hivyo mbolea ya bustani zetu haiwezi kuifikia. Maji ya mitaro ya Kileleshwa huingia katika vijito vya Kirichwa, kisha Mto Nairobi, kisha Mto Athi, ambao mbele huitwa Galana, halafu Sabaki, na kumwagika katika Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Sisemi kwamba bustani zetu ndizo zinazouchafua mto huo kuliko maji taka au mmomonyoko wa mashamba. Lakini virutubisho vikizidi majini, gugu maji na mwani hunawiri. Mwani ukitanda baharini huyanyima mwanga majani ya bahari, na matumbawe pia hudhoofika. Aliyewahi kuliona Bwawa la Nairobi likiwa limefunikwa na gugu maji hahitaji kwenda Malindi kupata ushahidi.

Katika jimbo la Florida, Marekani, tatizo hili lilizifanya serikali za mitaa kutunga sheria. Kaunti ya Sarasota ilianza mwaka 2007, na Pinellas ikafuata mwaka 2010: kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Septemba, majira ya mvua nyingi huko, ni marufuku kuweka mbolea yenye naitrojeni au fosforasi kwenye nyasi, na Pinellas ilizuia hata kuiuza katika miezi hiyo. Naona kaunti zetu zingefaidika na kanuni ya namna hiyo iliyopangwa kufuata masika na vuli. Hata bila kanuni, ratiba inaeleweka: usiweke mbolea katika wiki mbili zinazotangulia mvua, na usiiweke kabisa mwezi wa Aprili wala wa Novemba. Weka mara ya kwanza mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, mvua kubwa zikiwa zimepita na udongo ungali na unyevu, na mara ya pili Desemba, vuli ikishatulia. Soma utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa kwanza, na ukitajwa uwezekano wa mvua kubwa ndani ya siku mbili, ahirisha.

Kipimo ni kilo 1 ya CAN kwa kila mita 100 za mraba, yaani mraba wa mita 10 kwa 10, kwa mara moja. Ploti ya futi 50 kwa 100, ukiondoa nyumba na kabro, yaani matofali yaliyotandikwa uani, mara nyingi hubakiwa na nyasi zisizozidi mita 200 za mraba. Hizo zinahitaji kilo 2 tu, na mfuko wa kilo 50 ungezitosha mara 25. Anayemaliza nusu mfuko kwa asubuhi moja anaunguza nyasi na kutupa fedha. Gorogoro, lile kopo la sokoni, ni kipimo cha mahindi, kwa hiyo tafadhali usilitumie kupimia mbolea: nenda na kopo dukani, lipimiwe kilo 1 kwenye mizani, na uchore alama pale mbolea ilipofikia.

Gawa kipimo hicho mara mbili, umwage nusu ukitembea kwa urefu na nusu kwa upana, majani yakiwa makavu. Kisha mwagilia milimita 6 za maji, ambazo ni lita 6 kwa kila mita ya mraba. Ukitumia kinyunyizio, tega mikebe yenye kuta zilizonyooka na upime kina cha maji kwa rula. Punje zilizoangukia kabro zifagiliwe na kurudishwa kwenye nyasi; kuzisukuma kwa maji ya mpira hadi mtaroni, jambo ambalo naliona karibu kila mtaa, ni sawa na kuimwaga mbolea mtoni kwa mkono. Nyasi zilizokatwa ziachwe palepale zioze, kwa kuwa hurudisha naitrojeni ardhini. Dalili ya kufaulu ni rangi ya kijani iliyo sawa kila mahali.

Wenye nyumba zilizopakana na vijito wasiweke mbolea yoyote ndani ya mita 6 kutoka ukingoni. Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ziliitaja mita 6 kuwa upana wa chini kabisa wa ukanda unaolindwa kando ya mto, nao unaweza kufika mita 30. Kama umeshanunua mfuko na mvua imekaribia, ufunge vizuri na uuweke juu ya mbao badala ya sakafu ya saruji, kwani CAN hunyonya unyevu na kugandamana, nawe utahitaji punje zilizoachana ifikapo mwisho wa Mei.