Jinsi ya kupata nyimbo za Kijapani zinazoanza na silabi "sa"

Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea daftari la nyimbo za Kijapani alizokusanya kwa mwaka mzima, akaniomba nimsaidie kuzipanga. Alikuwa amezipanga kwa ABC: "Furusato" kwenye F, "Lemon" kwenye L, "Tsugaru Kaikyō Fuyugeshiki" kwenye T. Kazi ya kujituma kweli, lakini ukienda nayo kwenye chumba cha karaoke Japani haikusaidii, kwa sababu Wajapani hawapangi nyimbo kwa herufi. Wanazipanga kwa silabi. Tulilifumua daftari lote tukaanza upya, na njia tuliyofuata ndiyo hii. Nachukua silabi "sa" kwa mfano, kwa kuwa ina mambo mengi ya kufundishia.

Hatua ya 1: Imba mpangilio mpaka ukae kichwani

Mswahili ana bahati hapa. Sikio letu limezoea silabi zinazoishia na irabu: sa-ku-ra inatamkika kama ka-ra-nga. Kinachotupotosha ni mfuatano wa irabu. Sisi tuliimba a, e, i, o, u darasa la kwanza. Kijapani ni a, i, u, e, o. Kisha safu zinafuatana hivi: a, ka, sa, ta, na, ha, ma, ya, ra, wa, na mwisho kabisa n peke yake.

Safu ya sa inakwenda sa, shi, su, se, so. Ya ta ni ta, chi, tsu, te, to. Ya ha ni ha, hi, fu, he, ho, na ndiyo maana "Furusato" hukaa safu ya ha. Ile n ya mwisho ni silabi kamili, kama n ya "nchi". Hakuna neno la kawaida la Kijapani linaloanza nayo. Watoto wa huko wana mchezo uitwao shiritori, ambapo kila mtu hutaja neno linaloanza na silabi iliyomalizia neno la mwenzake. Ukitaja linaloishia na n umeshindwa, maana anayefuata hana pa kuanzia.

Hatua ya 2: Jua jina linasomwaje kabla ya kuliweka popote

Hapa usiwe na haraka. Kinachopanga wimbo ni sauti ya jina lake, na maandishi yanaweza kukudanganya.

Nilipoishi Nagoya, wenzangu wa kazini walinitaka niimbe wimbo wa mwaka 1914 ambao karibu kila Mjapani aliufundishwa shuleni. Jina lake limeandikwa 故郷. Mimi nilikuwa nimejifunza kwamba kanji hizo mbili (herufi zenye asili ya Kichina) husomwa "kokyō", yaani nyumbani ulikotoka, nikautafuta kwenye ko. Nikapekua, chumba kizima kikinisubiri, sikuuona. Mama mmoja mtu mzima akaniegemea akanong'ona: "Furusato." Maana ni ileile, kanji ni zilezile, lakini wimbo husomwa kwa neno la kale la Kijapani chenyewe. Tangu siku ile siandiki wimbo wowote kwenye orodha kabla sijapata usomaji wake kwa hiragana, yaani maandishi ya Kijapani ya silabi.

Tarakimu nazo zina usomaji wake. Bendi ya Remioromen ilitoa mwaka 2004 wimbo uitwao "3月9日", tarehe 9 Machi. Husomwa "Sangatsu kokonoka", kwa hiyo ni wa sa. "22才の別れ" wa mwaka 1975 husomwa "Nijūnisai no wakare", uko kwenye ni.

Majina ya Kiingereza hugeuzwa kwanza kuwa matamshi ya Kijapani. "Lemon" wa Yonezu Kenshi, wa 2018, ni "remon", unaingia safu ya ra, kwa kuwa Kijapani hakitofautishi l na r. Wasomaji ambao lugha zao za nyumbani pia hazitofautishi hizo mbili watalielewa hili upesi. "First Love" wa Utada Hikaru, 1999, huwa "fāsuto rabu", basi ni fu.

Sasa njoo kwenye sakura, ua la mcheri. Kundi la muziki la Kobukuro liliandika jina la wimbo wao 桜 kwa kanji (2005). Ketsumeishi wakaandika さくら kwa hiragana, mwaka huohuo. Ikimonogakari wakaandika SAKURA kwa herufi za Kirumi (2006). Kwa macho ni majina matatu, kwa sauti ni jina moja, na yote yanakaa pamoja kwenye sa. Na nyimbo za sakura haziishii hapo: shule Japani hufunga mwaka Machi na kuufungua Aprili, wakati maua hayo yanapochanua sehemu kubwa ya nchi, kwa hiyo kuagana na kuanza upya vimefungamana na neno hilo. Andika jina la mwimbaji pembeni, la sivyo hutajua sakura ipi ni ipi.

Hatua ya 3: Vidoti viwili

Silabi さ (sa) ukiiongezea vidoti viwili juu kulia inakuwa ざ (za). Kamusi huzihesabu sa na za kuwa nafasi moja, na hutazama vidoti pale tu maneno mawili yanapolingana kwa mengine yote. Chukua nyimbo hizi saba, zikiwa zimekwisha pangwa:

Sakura
Sakurazaka (Fukuyama Masaharu, 2000)
Sazanka no yado (Ōkawa Eisaku, 1982)
Sayonara (Off Course, 1979)
Sangatsu kokonoka
Zankoku na tenshi no tēze (Takahashi Yōko, 1995)
Sanbyakurokujūgoho no māchi (Suizenji Kiyoko, 1968)

Fuata silabi ya pili: ku, ku, za, yo, kisha n mara tatu. Ku ni safu ya ka, ndiyo maana sakura zinatangulia. Kwenye zile tatu za n, tazama silabi ya tatu: ga huhesabiwa ka, ko inakuja baadaye kwenye safu hiyohiyo, bya huanza na bi, na bi huhesabiwa hi, safu ya ha. Hivyo wimbo wa za umekaa katikati ya nyimbo mbili za sa, na ni sahihi kabisa. Orodha nyingine huipa za ukurasa wake; ukikosa wimbo, tazama pande zote mbili.

Hatua ya 4: "Sha" si "sa"

Sha huandikwa shi pamoja na ya ndogo. Wimbo wa watoto "Shabondama", wa mapovu ya sabuni, nenda kautafute kwenye shi.

Hatua ya 5: Weka safu wima ya usomaji

Kwenye jedwali la kompyuta weka safu wima tatu: jina kama lilivyoandikwa, usomaji kwa hiragana, mwimbaji. Panga kwa ile ya usomaji. Ukiiachia kompyuta ipange kanji, mara nyingi itazipanga kwa namba zake za ndani na sakura zako zitatawanyika.

Kwenye simu, weka kibodi ya Kijapani yenye vitufe 12. Gusa さ upate sa; telezesha kidole kushoto upate shi, juu su, kulia se, chini so.

Hatua ya 6: Hakikisha unachokumbuka ni jina

Mara nyingi tunaukumbuka wimbo kwa maneno yake ya kwanza. Mwanafunzi wangu aliweka kwenye sa wimbo wa sikukuu ya tarehe 7 Julai, ambapo watu hufunga karatasi zenye maombi kwenye matawi ya mwanzi, kwa sababu unaanza kwa kutaja "sasa", aina ya mwanzi mdogo. Jina lake ni "Tanabata-sama". Tuliufuta pale kwa kalamu nyekundu, tukafungua ukurasa wa ta.