Dawa katika chakula cha ndama waliotoka safarini

Mfugaji wa Kanda ya Ziwa anayenenepesha ng'ombe kwa mashudu na maganda ya mbegu za pamba hupokea ndama walioachishwa kunyonya juzi tu, wakashinda mnadani na kulala ndani ya lori, na kwa kuogopa homa ya mapafu huwachanganyia dawa katika chakula siku hiyo hiyo. Hofu yake ni ya haki, lakini dawa iliyo horini humfikia ndama kwa kadiri anavyokula.

Tuchukue klorotetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria inayochanganywa katika chakula, ambayo kipimo chake cha tiba nchini Marekani ni miligramu 22 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani takribani gramu 4 kwa ndama wa kilo 180, kwa muda wa siku 5. Ikiwa mchanganyiko umepigiwa hesabu ya ndama kula kilo 4, naye akala kilo 1 kama ilivyo kawaida ya siku za mwanzo, amepata robo ya dawa. Mgonjwa hasa hapati hata hiyo, kwa sababu homa humwondolea hamu ya kula, na fungu lake huliwa na mzima mwenye nguvu. Kipimo pungufu hakiponyi, na huwapa vimelea nafasi ya kujenga usugu.

Kwa hiyo anza na maji safi na nyasi kavu nzuri zilizotandazwa juu ya hori, kisha ongeza pumba na mashudu kidogo kidogo. Urea, ile inayowekwa chakulani kama chanzo cha protini, isiguswe kabisa katika siku hizi. Asubuhi simama nyuma ya kundi utazame ubavu wa kushoto wa kila ndama: ukiwa umebonyea baada ya wenzake kula, huyo hajala. Mtenge na umpime joto. Likifika nyuzi 40, mwite daktari wa mifugo amchome sindano.

Daktari akiona kundi zima linahitaji dawa ya chakulani, mpelekee uzito wa ndama na kiasi wanachokula kweli, ndipo akokotoe mchanganyiko. Andika tarehe ya mwisho wa dawa, maana kipindi cha kusubiri kabla ya kuchinja huhesabiwa kuanzia hapo.

Zaidi ya hayo, monensini, dawa ya chakulani inayotumika kuzuia koksidia (vimelea vya utumbo vinavyoharisha ndama), huua punda hata kwa kiasi kidogo, hivyo mabaki ya chakula chenye dawa hiyo yafukiwe mbali na banda lake.