Somo: Wizi wa dukani kwa Kiingereza na Kiitaliano, usimgeuze mdokozi kuwa mnyang'anyi

Habari zenu. Somo hili nimeliahidi kitambo, leo nalileta. Mimi natafsiri makaratasi hapa Malindi, na mnajua kwetu Waitaliano wako tele, wana nyumba wana maduka wana hoteli, kwa hiyo haupiti mwezi sijaletewa karatasi ya polisi ya Kiingereza inayotakiwa Italia, au karatasi ya Italia ya kijana wetu aliyerudi nyumbani. Na katika yote hayo maneno ya wizi ndio yanaumiza watu. Nishawahi kuletewa karatasi ya kijana alokamatwa na chupa mbili za manukato dukani huko Italia, Kiitaliano kimeandika "furto", yaani wizi, mtafsiri wa kwanza akaweka "robbery", yaani unyang'anyi. Kijana alikuwa anaomba kazi ya meli, walipoona lile neno wakamkatalia. Alikosea ndio, lakini hakumnyang'anya mtu. Mpaka leo naumia nikikumbuka.

Hatua ya kwanza: kamusi weka pembeni, uliza kilitokea nini. Mali ilichukuliwa kimyakimya au kwa nguvu? Ilitoka kwenye rafu au mwilini mwa mtu? Duka lilikuwa wazi au lilivunjwa? Na aliyechukua ni mteja au mfanyakazi? Ukishayajibu hayo manne, neno linajileta lenyewe, usipoyajibu hata uwe na kamusi ya kilo tano utakosea tu.

Hatua ya pili: duka wazi, mteja, rafu, kimyakimya. Kiingereza ni "shoplifting", Kiitaliano "taccheggio", na sisi tuna neno letu zuri kabisa, udokozi. Mdokozi mwanamume ni "taccheggiatore", mwanamke "taccheggiatrice". Sasa angalia hapa, wengi ndio wanapoteleza: "taccheggio" ni neno la wenye maduka na magazeti, kwenye Codice penale ya 1930, sheria ya makosa ya jinai ya Italia, hakuna kosa la jina hilo. Mahakamani ni "furto", kifungu 624, na mara nyingi wanaongeza 625 ambacho kinabeba mambo ya kuzidisha adhabu. Na Kenya vilevile, hati ya mashtaka haisemi "shoplifting", inasema "stealing", kifungu 268 kikisomwa pamoja na 275. Kwa hiyo neno la gazeti lipeleke kwa neno la gazeti, la mahakama lipeleke kwa la mahakama, usivichanganye.

Ndani ya hicho 625 kuna mtego mbaya sana, "violenza sulle cose". Mtu amekata ile plastiki ya kengele inayobanwa kwenye nguo (wenyewe wanaiita "placca antitaccheggio"), basi hiyo inahesabiwa nguvu dhidi ya KITU. Ukiandika "violence" peke yake, msomaji wa Kiingereza atadhani kuna mlinzi kapigwa. Andika "force against property", uwe salama. Na mtu akificha tu bidhaa kwenye begi bila ujanja mwingine, Cassazione, mahakama yao ya juu kabisa, ilishasema 2013 kwamba huo bado sio "mezzo fraudolento", yaani njia ya ulaghai, kwa hiyo usiingize neno la ulaghai kwa kichwa chako kama karatasi haijalisema.

Hatua ya tatu ni vitenzi, na hapa Mswahili ana bahati. "Rubare" inafanana na "rob" lakini maana yake ni "steal". "Rob" ni "rapinare". Halafu Muitaliano husema "mi hanno rubato il telefono", Mwingereza inabidi azunguke "they stole my phone" au "my phone was stolen", lakini sisi si tunasema wameniibia simu? Ni ileile! Kuibia yetu imekaa kama yao, mtu aliyeibiwa anaingia ndani ya kitenzi. Vivyo hivyo "hanno rubato due profumi al negozio", wameibia duka manukato mawili, na hiyo "al" kwa Kiingereza inageuka "from the shop", isije ikawa "to the shop".

"Rapina" sasa. Ni unyang'anyi, "robbery", haihusiani kabisa na "rape" hata kama macho yanakuambia hivyo. Ubakaji ni "stupro", na kisheria "violenza sessuale". Nimeona kwa macho yangu karatasi iliyochanganya haya mawili, nikashindwa kula siku hiyo.

Kuna na "rapina impropria", kifungu 628 aya ya pili: mtu kadokoa kimya, kafika mlangoni, mlinzi kamshika, akamsukuma ili aondoke na mali. Hapo udokozi ushakuwa unyang'anyi. Usiandike "improper robbery", haieleweki. Ukipeleka Kenya andika "robbery" bila wasiwasi kwa sababu kifungu 295 chetu kinataja nguvu kabla, wakati, na mara baada ya kuiba. Ukipeleka Uingereza ongeza maelezo, maana sheria yao ya wizi ya 1968 inataka nguvu itumike kabla tu ya kuiba au wakati wa kuiba.

Duka likivunjwa usiku Kiitaliano hakina neno moja kama "burglary". Magazeti husema "furto con scasso", wizi wa kuvunja, na nyumba ya mtu ikiingiliwa ni "furto in abitazione", 624-bis. Kenya nayo "burglary" ni nyumba ya kuishi na usiku tu, mchana ni "housebreaking", na duka lina kifungu chake, 306.

Hatua ya mwisho, maneno yanayodanganya. "Camera" ni chumba, kamera ya dukani ni "telecamera". "Commesso" ni muuzaji, lakini "furto commesso" ni wizi uliotendwa, muuzaji hayumo kabisa. "Processo" ni kesi. "Sentenza" ni hukumu yenyewe, inaweza hata kuwa ya kumwachia mtu, kwa hiyo ni "judgment" sio "sentence". "Pregiudicato" ni aliyewahi kutiwa hatiani, na "incensurato" ni mwenye rekodi safi, nalo ukilikosea umemwibia mtu jina lake. "Denuncia" ni taarifa polisi, "querela" ni malalamiko rasmi ya aliyekosewa kwamba anataka kesi iendelee, ana miezi mitatu, na tangu mageuzi yalioanza 30 Desemba 2022 wizi mwingi wa dukani hauendi mbele bila hiyo.

Maswali yenu

Mwalimu, niko Brescia, Italia. Karatasi inasema "tentato furto" ila jamaa vitu vilikuwa tayari kwenye begi lake. Niliweka "theft", nimekosea?
Umekosea kaka, rekebisha mapema. Ni "attempted theft", jaribio la wizi. Cassazione 2014 ilisema kama walinzi walikuwa wanamfuatilia muda wote wakamzuia hapohapo, wizi haujakamilika. Wewe fuata karatasi, usiwe hakimu.

Mtalii kakwapuliwa pochi hapa Watamu, polisi wameandika "snatched", bima ya Italia inataka Kiitaliano. Niweke "borseggio"?
Hapana dada, "borseggio" ni kazi ya mchomozi, anatoa mfukoni hujui. Kukwapua ni "scippo", kirasmi "furto con strappo". Soma na mkataba wa bima yake, nyingine zinatenganisha haya na malipo yanakuwa tofauti.

Keshia kala pesa za duka, hati ni "stealing by servant". Naandika "servo"?
Usithubutu! "Servo" ni mtumwa au mtumishi wa nyumbani. Andika "furto commesso dal dipendente" na kando uweke kifungu 281 cha Kenya. "Appropriazione indebita" inavutia lakini hilo ni kosa lingine kwao, la mtu aliyekuwa na mali mkononi tayari, usimchagulie.

Na yule mtu wa Genoa, Italia, aliyeiba kwa njaa, kesi yake tunaitafsirije?
Alichukua jibini na soseji za euro 4.07, hana makazi, akahukumiwa miezi sita na faini ya euro 100, na 2016 Cassazione ikaifuta. Neno ni "stato di necessità", yaani hali ya kulazimika, kifungu 54, Kiingereza "necessity". Ile kauli "il fatto non costituisce reato" iandike "the act does not constitute an offence", usifupishe kuwa "forgiven" maana hakusamehewa, walisema hakuna kosa.

"Refurtiva" ni nini, samahani kwa swali dogo.
Sio dogo. Ni mali ya wizi yenyewe, "stolen goods". Anayeinunua akijua ndio "ricettazione", kifungu 648, na kwa Kiingereza cha Kenya "handling stolen goods", 322.