Umechaguliwa kuongoza kikundi cha kujitolea mtaani? Anza na haya

Kamwene dada zangu. Naandika hii kwa mwanamke ambae wenzie wamempigia makofi kwenye kikao wakasema wewe ndo mwenyekiti wetu, afu kesho yake simu zinaanza kuita na hajui aanzie wapi. Mimi niko Iringa na kikundi chetu kinashughulika na lishe ya watoto kwa hiyo mifano yangu mingi ni ya huko, ila ukiwa Makete, Tukuyu au Mbalizi nadhani utaona mambo hayapishani sana.

Kabla hujapanga kazi yoyote panga muda wa watu. Mama anaejitolea anakupa masaa ambayo angekuwa shambani au gengeni, so usimwite hovyo. Chukua daftari mkae mchore mwaka mzima wa mtaa wenu: mvua za Novemba na Desemba watu wanapanda, Januari na Februari ni palizi, Juni Julai wanavuna, na hata kiangazi usidhani watu wamekaa tu maana wengi wako kwenye vinyungu bondeni wanamwagilia mboga. Kazi kubwa kama mafunzo au msaragambo (kazi ya pamoja ya mtaa) weka baada ya mavuno, wakati wa palizi kila mtu atembelee nyumba mbili tatu za jirani zake basi. Kikao kisizidi saa moja. Na kama unawahitaji wababa, msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, waite asubuhi.

Pili chagueni kitu kimoja. Vikundi vingi nimeona vinakufa kwa kutaka yote, yatima, usafi, wazee, mazingira, kila kitu kwa pamoja. Sisi tulichagua lishe kwa sababu jambo lenyewe linauma: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha mkoa wa Iringa una udumavu, yani watoto wafupi kuliko umri wao, asilimia 56.9 kwa watoto chini ya miaka mitano wakati nchi nzima ni asilimia 30, na huu ni mkoa wa mahindi, maharage, viazi, maziwa! Chakula kipo. Ila mama yuko shamba toka alfajiri, mtoto kaachwa na dada yake wa miaka saba, mchana anapewa uji wa mahindi mtupu au kiporo na hakuna wa kuhakikisha amekula. Kwa hiyo hatuendi kumfundisha mtu kulima, anajua kuliko sisi, tunakaa nae tunaulizana mtoto anabaki na nani na atakula nini saa saba mchana, na kwenye uji ule tunaongeza nini, karanga, dagaa waliosagwa, yai, parachichi kama lipo. Na hasa mjamzito na mtoto ambae hajafika miaka miwili, zile siku 1000 za mwanzo.

Kaeni karibu na zahanati na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, msishindane nao. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji inafanyika kila robo mwaka, jitoleeni pale kupanga foleni, kupika uji wa mfano, kuita waliobaki nyumbani. Ila wafundishe watu wako vizuri kuhusu ule utepe wa kupima mkono, kijani, njano na nyekundu. Nyekundu ni chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka mitano, huyo anapelekwa kituoni siku hiyo hiyo. Lakini utepe unapima wembamba, udumavu unajulikana kwa kupima urefu na kulinganisha na umri, kwa hiyo usimwambie mama mtoto wako hana shida eti kwa sababu kaangukia kijani.

Utambulisho usiuchukulie poa. Mwone mwenyekiti wa mtaa, mtendaji, afu afisa maendeleo ya jamii wa kata, andikeni katiba fupi, muwe na muhtasari wa kila kikao. Ni siku chache tu za kuhangaika.

Siri sasa. Ukanda wetu una maambukizi makubwa ya VVU, utafiti wa 2022/2023 uliipa Njombe asilimia 12.7 na Iringa 11.1, hivyo ukitembelea nyumba za watu utakuta dawa kabatini utaambiwa mambo mazito. Mtu wako akitoa siri ya nyumba moja, hata kwa kumwambia shoga yake tu, nyumba kumi zitafunga mlango. Kwenye kikundi chetu anaetoa siri anaacha kutembelea watu, awe nani awe nani, na hapo mwenyekiti usimwonee mtu aibu kwa sababu ni wifi yako au mama mchungaji.

Haya, hela. Hapa ndo vikundi vinapovunjika na mara nyingi sio wizi, ni posho. Mradi unakuja unataka kina mama watano kwenye semina, wanalipwa nauli na posho, mwenyekiti anaenda yeye na rafiki zake, wanarudi wanakuta wale wengine ishirini wamenyamaza na kuanzia hapo hakuna anaekuja kupika uji. Andikeni zamu ya semina MAPEMA kabla hata mradi haujaja, ibandikwe ukutani, na jina la mwenyekiti liwe chini huko. Mradi ukilazimisha mtu fulani mweleze zamu yenu, wengi wanaelewa. Michango ikae kwenye sanduku la kufuli tatu kama la vikoba, funguo kwa watu watatu wasio wa ukoo mmoja, hesabu isomwe kila kikao hata kama ni shilingi elfu nne. Na ule mkopo wa halmashauri unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, yani 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, hauna riba ila unarudishwa na ni wa biashara, wanaoutaka waunde kikundi chao pembeni, msichanganye na kazi ya kujitolea.

Nyumbani ongea na baba watoto kabla hujakubali cheo, mwambie siku zipi utatoka na saa ngapi utarudi, na mabinti zako wasigeuzwe wapishi wa kudumu ili wewe ukasaidie watoto wa wenzio. Kwenye mikutano ya mtaa utaambiwa "mama sema kwa kifupi" baada ya wababa kuongea masaa mawili. Mwone mwenyekiti wa mtaa siku moja kabla, omba taarifa yenu iwe ajenda ya mwanzo, na asome mama aliefanya ile kazi mwenyewe hata kama anatetemeka, usimpe kijana wa kiume mwenye sauti.

Muda wa uongozi andikeni kwenye katiba, miaka miwili mitatu inatosha. Kuanzia siku ya kwanza uwe na msaidizi anaekaa na wewe kila unapokwenda kwa mtendaji au zahanati ili azoeleke. Siku ya kukabidhi mhesabu hela mbele ya wote, daftari, funguo, masufuria, orodha ya nyumba mnazotembelea, msaini wote wawili na mashahidi, na namba ya simu ya kikundi ibaki na kikundi.