Usikimbilie Kumwita Gilgamesh: Namna ya Kutambua Viumbe na Mashujaa kwenye Mihuri ya Mesopotamia

Muhuri wa silinda wa Mesopotamia (hasa Iraki ya leo) ni jiwe dogo, aghalabu la urefu wa sentimita 2 hadi 4, lililotobolewa toka juu hadi chini ili lipitishwe uzi. Picha imechimbwa ndani ya jiwe, kwa hiyo isome kwenye chapa, yaani alama inayobaki muhuri unapoviringishwa juu ya udongo. Kwenye jiwe lenyewe kulia huwa kushoto na mwandiko wa kikabari (wa alama zenye umbo la kabari) umegeuka; ndiyo maana wengine huandika kwamba mungu ameshika silaha kwa mkono wa kushoto, kumbe ni wa kulia.

Muhuri huviringishwa zaidi ya mzunguko mmoja. Ukihesabu mashujaa watatu, hakikisha wa tatu si yule wa kwanza anayejirudia. Mulika taa kutoka ubavuni, karibu na usawa wa meza, maana mwanga wa juu hufuta manyoya na misuli.

Anza na kichwa, kisha shuka miguuni. Taji la pembe ni alama ya uungu. Kichwa cha simba kwenye mwili wa tai ni Anzu. Kichwa hicho hicho kwenye mwili wa mtu mwenye makucha ya ndege ni ugallu. Mtu toka kiunoni kwenda juu, mwenye pembe, kwato na mkia wa fahali, ni kusarikku. Joka mwenye kichwa cha nyoka, miguu ya mbele ya simba na ya nyuma ya tai ni mushhushshu, mnyama wa Marduk, mungu mkuu wa Babeli.

Kosa kubwa liko kwa yule shujaa uchi mwenye ndevu na misokoto sita ya nywele, mitatu kila upande, anayetutazama usoni. Zamani aliitwa Gilgamesh, mfalme shujaa wa utenzi maarufu wa Mesopotamia, na kusarikku akaitwa Enkidu, rafiki yake. Tazama muhuri wa Ibni-sharrum, mwandishi wa mfalme Shar-kali-sharri wa Akkad, ulioko makumbusho ya Louvre, Paris: mashujaa hao ni wawili, kila mmoja amepiga goti moja, ameshika chombo kinachobubujika maji, na nyati ameinua kichwa anywe. Gilgamesh hawezi kuwa wawili. Shujaa huyu wa misokoto ni lahmu, "mwenye nywele", mlinzi anayeandamana na maji ya Ea, mungu wa maji matamu.

Gilgamesh na Enkidu wakubali pale wanaume wawili wanapombana Humbaba, jitu linalolinda msitu wa mierezi, katikati, yeye akiwa na uso uliokunjamana uliotugeukia. Etana, mfalme wa hadithi aliyepaa angani, ni rahisi zaidi: mtu amepanda mgongoni mwa tai, na chini mbwa wameinua vichwa wakimtazama.