Mwaka mmoja Ujerumani kama au pair: mambo ya kuzingatia kabla hujaondoka

Vijana wengi wa Kenya na Tanzania wanaokwenda kuishi Ujerumani kwa mara ya kwanza hupitia mlango wa au pair. Unaishi na familia, unasaidia kulea watoto na kazi ndogondogo za nyumbani, nawe unajifunza lugha na kuiona nchi. Masharti makuu utayasikia kila mahali: uwe umetimiza miaka 18 na hujafikisha 27 unapoomba viza, uwe na Kijerumani cha A1, yaani kiwango cha kwanza kabisa, na uwe na mkataba na familia. Mtihani wa A1 unaweza kuufanyia Goethe-Institut, taasisi ya lugha na utamaduni wa Kijerumani, iwe Nairobi au Dar es Salaam. Mimi nataka tuongee zaidi kuhusu yale yanayoamua kama mwaka wenyewe utakuwa mtamu au mchungu, na mengi kati ya hayo yanaamuliwa ukiwa bado kwenu, kwenye simu za video na familia itakayokupokea.

Katika simu hizo usikubali kuwa wa kuulizwa tu. Kanuni za Ujerumani zinasema au pair asizidishe saa 6 kwa siku wala saa 30 kwa wiki, na kubaki na watoto jioni wazazi wanapotoka kunahesabiwa humohumo. Una haki ya siku moja na nusu ya mapumziko kila wiki, likizo ya wiki 4 kwa mwaka mzima, chumba chako mwenyewe chenye dirisha, na bima inayolipwa na familia. Lakini kanuni ziko kwenye karatasi, na maisha yako jikoni. Kwa hiyo waombe wakutajie wiki ya kawaida ilivyo, siku kwa siku. Jumanne saa 12 asubuhi nani anamwamsha mtoto? Nani anampeleka chekechea, na kwa usafiri gani? Kuanzia saa 3 hadi saa 8 niko huru, au kuna nguo za kufua? Mtoto akiugua siku nina darasa, nani anabaki naye? Familia iliyojipanga hukujibu bila kusitasita, tena hufurahi umeuliza. Inayokwambia "tutaona ukishafika" kwa kila swali, mimi ningeiacha nitafute nyingine.

Omba pia wazungushe kamera ukione chumba. Kama walishakuwa na au pair kabla yako, omba namba yake uongee naye, maana atakueleza mambo ambayo wazazi hawatayafikiria. Nauli ya ndege na ada ya viza kwa kawaida ni juu yako, hilo lijue mapema. Ila "familia" inayotaka uitumie hela ili ikuandalie makaratasi, hao ni matapeli. Kata mawasiliano siku hiyohiyo.

Sasa hela, na hapa ningependa wazazi nao wasome. Au pair hapewi mshahara. Anapewa hela ya matumizi, euro 280 kwa mwezi, na familia inachangia hadi euro 70 kwa mwezi kwenye ada ya kozi ya lugha. Ukizigeuza euro hizo kuwa shilingi, nyumbani zinaonekana nyingi, na hapo ndipo msiba unapoanzia, hasa kama nauli ilitokana na michango ya ukoo na kila aliyechanga anahesabu miezi. Tiketi ya usafiri ya mwezi peke yake imefika euro 63 tangu Januari 2026. Toa simu, toa sabuni na mafuta, toa vitabu na sehemu ya kozi isiyolipwa na familia, uone kinachobaki. Kaa na baba na mama kabla ya safari, na shangazi aliyetoa mchango mkubwa, uwaonyeshe hesabu hiyo kwa kalamu. Mkubaliane kama utatuma chochote, na lini. Kuna vijana wanakaa mwaka mzima wakikwepa simu za nyumbani kwa sababu mazungumzo haya hayakufanyika, na inauma kuona mtu anawaogopa wazazi wake mwenyewe kwa jambo ambalo lingemalizika kwa jioni moja sebuleni.

Weka na akiba ya dharura usiyoigusa. Mambo yakiharibika unaweza kuvunja mkataba na kutafuta familia nyingine, na kwa kawaida notisi ni wiki mbili, lakini kuondoka mahali bila hela mfukoni ni kazi ngumu mno. Na pasipoti yako haishikwi na mtu mwingine, hata kama anasema anakutunzia.

Halafu kuna ujuzi ambao hakuna anayekukumbusha. Jifunze baiskeli. Sisemi kujua kuikalia tu, nasema kuendesha barabarani huku umeshika usukani kwa mkono mmoja na kuonyesha unakokata kwa mwingine. Familia nyingi hupeleka watoto chekechea kwa baiskeli, mara nyingine kwa kitela kidogo kinachofungwa nyuma mtoto akiwa ndani, na asiyejua hutembea kwa miguu kwenye mvua. Kuogelea nako kunasaidia, maana kiangazi watoto wanashinda kwenye maziwa na mabwawa.

Kuhusu watoto wenyewe, jiandae kimoyomoyo. Mtoto wa miaka minne atakuita kwa jina lako, atakukatalia waziwazi, na atakuuliza sababu ya kila unachomwambia. Usitegemee shikamoo. Kumpiga mtoto, hata kofi dogo, ni marufuku kisheria tangu mwaka 2000, kwa wazazi na kwa wewe pia. Waulize wazazi mapema wanafanyaje mtoto akigoma kuvaa viatu, kwa sababu utalikuta jambo hilo karibu kila asubuhi ya baridi, wakati koti, suruali ya mvua, kofia na glavu vinatakiwa kuvaliwa na muda umekwisha.

Makaratasi ya mwanzo hayana ugumu ukiyajua. Ndani ya wiki mbili tangu uhamie unatakiwa kujiandikisha makazi, wenyewe wanaita Anmeldung, na unahitaji fomu ya mwenye nyumba inayothibitisha unaishi hapo. Baada ya hapo barua zitaanza kuingia. Mojawapo inatisha wengi: inadai ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi. Ada hiyo inalipwa kwa nyumba, si kwa kichwa, na familia yako kwa kawaida inalipa tayari. Waombe namba yao ya malipo, uijaze, urudishe jibu. Usiiweke barua kwenye droo ukidhani itapita. Ukinyamaza wanakuandikisha na deni linaanza kukua.

Mizigo haina maneno mengi. Koti zito kanunue kulekule, la mtumba au la duka. Beba mafuta ya nywele unayoyajua, dawa zako na maelezo ya daktari. Nyama na maziwa hairuhusiwi kuingiza, na maembe bila cheti cha afya ya mimea nayo hapana. Ndizi, nanasi, nazi na tende zinapita. Unga wa ugali utaupata kwenye maduka ya Kiafrika mijini, kwa hiyo kilo hizo zitumie kwa kitu kingine. Desemba jua linachomoza kama saa 2 asubuhi na saa 10 jioni giza linaanza kuingia, hivyo usipange kukaa chumbani. Tafuta kwaya, timu au kozi ya jioni tangu mapema.

Ile tiketi ya euro 63 ndiyo itakayokuzungusha nchi. Ilianza Mei 2023 kwa euro 49, na inakupandisha mabasi, tramu na treni za mikoa nchi nzima, isipokuwa treni za kasi. Ukiwa Hamburg unafika Lübeck chini ya saa moja. Ukiwa München inakufikisha hadi Salzburg, ng'ambo ya mpaka wa Austria. Siku hiyo beba pasipoti na kibali cha ukaazi, kwa maana polisi hupita mabehewani kukagua na picha kwenye simu haitoshi. Tiketi hiyo hujirudia yenyewe kila mwezi, kwa hiyo ukitaka kuisitisha, fanya hivyo kabla ya tarehe 10, la sivyo unalipia na mwezi unaofuata.

La mwisho linahusu vyeti vya shule. Kibali cha au pair hakizidi miezi 12, na wengi wanaotaka kubaki hutafuta mwaka wa kujitolea au mafunzo ya kazi, kwa mfano uuguzi. Mafunzo mengi huanza Agosti au Septemba, na maombi hutumwa miezi mingi kabla. Utatakiwa vyeti vya sekondari, cheti cha kuzaliwa na tafsiri zake. Beba vyeti halisi kwenye mkoba wa mkononi, na nakala zilizothibitishwa mwachie mtu nyumbani anayepokea simu.